Kukarabati Shule ya Bweni ya Kanisa kwa Michango: Anzeni Darini, Rangi Ije Mwisho

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, kina habari ambayo kila kamati ya ukarabati ingefaa kuisoma kabla ya kuchapisha kadi ya kwanza ya mchango. Mfalme Yehoashi aliagiza fedha zilizoletwa hekaluni zitumike kuziba mabomoko ya nyumba. Makuhani walizipokea, na hata ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake hapakuwa palipozibwa. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake na kuliweka kando ya madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha pamoja, wakazikabidhi kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Habari hiyo ina jambo jingine ambalo wahubiri hulipita haraka: fedha hizo hazikutumika kutengenezea vikombe vya fedha wala tarumbeta.

Maelezo yanayofuata ni kwa wakuu wa shule, wahasibu na wajumbe wa bodi za shule za bweni zinazomilikiwa na makanisa nchini Tanzania, ambao wana majengo yaliyochoka na hawana fedha ila zile watakazoomba. Nimekaa katika kamati za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na nimeona michango mizuri ikiishia kwenye vikombe vya fedha vya siku hizi, yaani lango lenye nembo, vigae vya sakafu katika ofisi ya mkuu wa shule na rangi mpya juu ya ukuta unaovuta maji. Kazi ya kamati ni kuhakikisha kwamba mchango unafika pale mtoto anapolala, anapojisaidia na anapokula, hata kama hapo hapapendezi kwenye picha.

Kagueni kabla ya kuomba

Majengo ya shule hizi hayakuzaliwa siku moja. Baada ya shule nyingi za misheni kutaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, makanisa yalibaki hasa na seminari, kisha yakaanza tena kufungua shule za sekondari kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990, mara nyingi ndani ya majengo yaliyokusudiwa kazi nyingine: chuo cha Biblia kilichofungwa, nyumba ya masista, ghala la kahawa la misheni. Kwa hiyo katika kiwanja kimoja mnaweza kukuta ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa chokaa, bweni la tofali za saruji la mwaka 1995 na jiko la mabati matupu, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Ukaguzi ufanyike mara tatu: siku ya jua, siku ya mvua na usiku. Siku ya jua, fundi apande darini akiwa na tochi na bisibisi, achome kenchi moja baada ya nyingine hasa pale zinapokaa juu ya ukuta, kwa sababu mbao iliyoliwa na mchwa huonekana nzima kwa nje na bisibisi huingia kama kwenye mkate. Siku ya mvua, mzunguke jengo mkiangalia maji yanakoelekea. Mara nyingi mtagundua kwamba udongo umerundikana nje ya ukuta hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani, na kwamba unyevu ambao watu wamekuwa wakiulaumu kwa miaka unaondoka kwa majembe, mfereji na siku chache za kazi. Usiku, mjumbe mwanamke aingie bweni la wasichana pamoja na matroni, na mjumbe mwanamume aingie bweni la wavulana pamoja na patroni, wanafunzi wakiwa wamelala. Wahesabu vitanda vya deka, wahesabu waliolala wawili wawili, waone tranka zimepangwa wapi na mlango gani umefungwa kwa kufuli. Ukaguzi huo wa usiku ndio wenye thamani kuliko yote, na ndio unaokwepwa zaidi.

Nyufa zisiogopwe zote wala zisipuuzwe zote. Bandikeni kipande chembamba cha plasta ya jasi juu ya ufa, andikeni tarehe, kisha kiacheni kipite msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Kikibaki kizima, ufa huo umetulia na unaweza kuzibwa. Kikikatika, msingi bado unatembea, na mwiteni mhandisi kabla ya kutumia hata shilingi moja kwenye lipu. Katika kuta za zamani za chokaa au tofali za udongo, msikubali fundi apige lipu ya saruji nzito, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta nao huanza kuoza kutoka katikati. Chokaa hurudishiwa chokaa.

Paa la asbesto ni habari ya peke yake. Bati hizo za kijivu, nene na zenye mawimbi makubwa, bado zipo kwenye majengo mengi ya zamani, na hatari yake iko kwenye vumbi linalotoka zinapokatwa, kuvunjwa au kusuguliwa, kwani nyuzi zake zikiingia mapafuni husababisha magonjwa yakiwemo saratani baada ya miaka mingi. Wanafunzi wasitumwe kamwe kuzishusha kama kazi za mikono. Waombeni ushauri Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kuhusu namna ya kuziondoa na mahali pa kuzifukia. Zilowanishwe kwanza, zishushwe nzima bila kupigwa nyundo, na gharama yake iwekwe kwenye makadirio tangu mwanzo. Msizigawe kwa wanakijiji wafunikie mabanda, hata wakiomba kwa upole.

Moto kwanza

Mwezi Juni 1994, moto katika Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40 bwenini. Mwezi Agosti 2009, wasichana 12 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa. Jirani zetu wa Kenya walizika wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, na wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, mwaka 2024. Anayeandaa ukarabati wa bweni bila kuanza na habari hizi hajui anakarabati nini.

Sababu za moto hutofautiana, lakini yanayogeuza moto kuwa maafa yanajulikana: msongamano, mlango mmoja, kufuli na nondo za madirisha. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataja vipimo ambavyo kamati yoyote inaweza kuvitumia kama kamba ya kupimia: nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya katikati isiyopungua mita 2, milango inayofunguka kwa nje kila mwisho wa bweni na mlango wa dharura katikati, na madirisha yasiyo na nondo. Pimeni bweni lenu kwa vipimo hivyo, kisha waiteni maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kukagua na kutoa maelekezo kwa maandishi. Barua yao ina faida mbili: inawaelekeza ninyi, na inamwonyesha mfadhili kwamba hitaji halikubuniwa ofisini.

Kuhusu nondo, mtapata upinzani, hasa kwenye mabweni ya wasichana, ambako wazazi na walimu huogopa wavamizi kuliko moto. Hofu hiyo ni ya haki na haijibiwi kwa maneno. Inajibiwa kwa uzio, taa za nje, mlinzi anayelipwa vizuri na matroni anayelala ndani ya bweni lenyewe. Kama bodi imekataa kabisa kuondoa nondo, basi angalau madirisha kadhaa kila upande yawe na grili ya bawaba inayofunguka kutoka ndani bila ufunguo, na wanafunzi wazoezwe kuifungua gizani. Nyaya za umeme zibadilishwe na fundi mwenye leseni, soketi za kuchajia ziwekwe kwenye chumba maalumu nje ya eneo la kulala, na taa za sola ziwepo ili umeme ukikatika asiwepo mwanafunzi wa kuwasha mshumaa chini ya chandarua. Namba ya zimamoto, 114, iandikwe ukutani, pamoja na namba za viongozi wa kijiji, kwa sababu katika shule nyingi za vijijini gari la zimamoto liko mbali na watakaofika kwanza ni majirani wenye ndoo.

Kama fedha zenu zinatosha kazi moja tu mwaka huu, fanyeni hii. Milango miwili inayofunguka kwa nje na dirisha lisilo na nondo ni kazi ya seremala mmoja na mchomeleaji mmoja kwa muda usiozidi wiki chache.

Kisha maji, vyoo na jiko

Baada ya moto, adui wa jengo ni maji yasiyotakiwa, na adui wa mwanafunzi ni ukosefu wa maji yanayotakiwa. Mambo hayo mawili hutibiwa pamoja. Paa likitengenezwa bila mabomba ya kukinga maji, mmefanya nusu ya kazi. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Bweni lenye paa la mita za mraba 300, mahali panapopata milimita 550 kwa mwaka kama ilivyo maeneo ya Dodoma, linaweza kukinga takribani lita 132,000 hata baada ya kuondoa asilimia 20 ya maji yanayopotea. Kwa mabati, kumbukeni kwamba namba ndogo ya geji ndiyo bati nene: geji 28 ni nzito kuliko geji 30, na muuzaji anayewapunguzia bei bila kueleza sababu huenda ameshabadilisha geji. Nunueni pia kofia na misumari yenye mpira ya kutosha, kwa kuwa paa huvujia kwenye viungo na matundu ya misumari kabla ya kuvujia kwenye bati.

Mbao za kenchi ziwe zimetiwa dawa. Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya kuwa karibu na msitu wa Sao Hill, ambako paina hupatikana kwa bei nafuu kuliko kwingine, ila mbao mbichi isiyotiwa dawa italiwa kabla wafadhili hawajasahau majina yenu. Vipande vinavyobaki vya mbao hizo zenye rangi ya kijani visipelekwe jikoni kamwe: dawa inayotumika sana huwa na shaba, kromi na aseniki, na moshi wake ni sumu. Nimewahi kumkuta mpishi akivifurahia kwa sababu vinawaka upesi.

Vyoo hupimwa kwa uwiano unaotumika shuleni hapa nchini, yaani tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Katika shule ya bweni uwiano huo ni wa chini kabisa, kwa sababu wote huamka saa ileile na huenda wote kwa wakati mmoja. Kwa wasichana, wekeni chumba chenye maji, ndoano ya kutundika nguo na mahali pa kutupa taulo za kike. Ni chumba kidogo kinachobadilisha mahudhurio ya darasani kuliko maktaba. Kabla ya kujenga vyoo vya kuvuta, jiulizeni maji yatatoka wapi mwezi Oktoba. Choo cha kuvuta kisicho na maji ni kibaya kuliko shimo zuri.

Jiko linahitaji uamuzi kabla ya ukarabati. Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Msijenge basi jiko la kuni lenye bomba zuri la moshi kwa fedha za mfadhili wa mwaka huu, halafu mwakani mwombe fedha za kulivunja. Pigeni hesabu ya gesi, mkaa mbadala au umeme kwa mwaka mzima, si ya kununua majiko pekee. Majiko ya gesi yaliyokaa kimya stoo kwa sababu hakuna fedha ya kujaza mtungi ni jambo la kawaida mno.

Makadirio na karatasi za umiliki

Mfadhili makini atauliza maswali matatu: kazi itagharimu kiasi gani, nani anamiliki jengo, na nani atajibu fedha zikipotea. Swali la kwanza hujibiwa na mkadiriaji majenzi, ambaye mnaweza kumpata miongoni mwa waumini au wahitimu wenu akafanya kazi hiyo kama sadaka. Makadirio yake yaandikwe kwa vipande vinavyoweza kufadhiliwa kimoja kimoja: paa la bweni la kwanza, milango na madirisha ya bweni la kwanza, vyoo matundu 10, na kuendelea. Ongezeni asilimia 10 kwa ajili ya yasiyotarajiwa, kwa maana katika ukarabati yasiyotarajiwa ni hakika. Ukifumua paa la zamani hujui utakuta nini.

Swali la pili huwakwamisha wengi. Mali ya kanisa kwa kawaida hushikiliwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndiyo yenye daftari lao. Shule yenyewe mara nyingi haina hati ya kiwanja wala uwezo wa kisheria wa kusaini mkataba mkubwa. Nendeni kwa katibu mkuu wa dayosisi au ofisi ya jimbo mapema, mpate nakala ya hati, barua ya kuruhusu mradi na jina halisi litakaloandikwa kwenye mkataba. Ukarabati unaobadilisha umbo la jengo unahitaji pia kibali cha halmashauri, na mthibiti ubora wa shule apewe taarifa ili asije akaikuta kazi katikati. Nimeona mradi uliokwisha kupata fedha ukisimama zaidi ya mwaka kwa sababu hati ya kiwanja ilikuwa ndani ya kabati la askofu aliyestaafu.

Jibu la swali la tatu ni sanduku la Yehoyada. Akaunti ya benki iwe ya mradi peke yake, isichanganywe na karo, na iwe na watia saini wanaotoka pande tofauti: shule, dayosisi na wazazi. Karo isikopeshwe kwa mradi, wala mradi usikopeshe karo, hata mwezi wa mishahara. Mchango wa taslimu uhesabiwe na watu wawili mbele ya mtoaji au mbele ya kusanyiko, uandikiwe stakabadhi na upelekwe benki siku ya kazi inayofuata.

Kuomba

Anzeni nyumbani. Wafadhili wa mbali huuliza wenyeji wametoa nini, na wana haki ya kuuliza. Usharika unaolea shule hauna lazima ya kutoa fedha taslimu: mnada wa mavuno baada ya ibada, ambapo kuku mmoja hununuliwa, hurudishwa na kununuliwa tena mara nne huku watu wakicheka, umepaua majengo mengi kuliko ruzuku nyingi. Mchanga, mawe, kokoto na siku za kazi zipewe thamani ya shilingi kwenye daftari la mradi na ziandikwe kama mchango wa jamii, maana ndivyo zilivyo.

Wahitimu ndio hazina inayotumiwa vibaya zaidi. Shule huwakumbuka siku ya jubilei tu, kisha huwatumia ujumbe mrefu wenye kiwango cha ahadi kama ankara. Njia iliyonipa matunda ni kuwagawa kwa miaka yao ya kumaliza na kuwapa kila kundi kipande chenye mwisho: waliomaliza mwaka 2004 wachukue madirisha ya bweni walilolala wenyewe. Mtu aliyewahi kulala karibu na dirisha lililovunjika kule Makete mwezi Julai hahitaji kuhubiriwa. Kumbukeni pia kwamba shule nyingi za makanisa zimesomesha Waislamu kwa miongo mingi, na baadhi yao ni wahitimu wenye mapenzi makubwa na shule. Barua inayowahutubia wote kama waumini wa kanisa huwafungia mlango bila sababu.

Kwa harambee yenyewe sina mengi ya kusema, kwa kuwa kila mtu anaifahamu, ila haya mawili. Ahadi si fedha: makadirio ya kazi yasipangwe juu ya ahadi, na mtu ateuliwe wa kuzifuatilia kwa heshima kwa miezi sita. Tena gharama za mgeni rasmi, mahema, muziki na chakula zitangazwe sambamba na mapato, kwani kuna harambee ambazo zimelisha watu vizuri na kuacha paa lilivyokuwa.

Marafiki wa ng'ambo mara nyingi hupatikana kupitia uhusiano wa kanisa na kanisa. Mfano unaojulikana ni ushirika wa Bega kwa Bega kati ya Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na Sinodi ya Saint Paul Area ya Marekani, ulioanza miaka ya 1980 na ambao elimu imekuwa sehemu yake kubwa. Nguvu ya uhusiano wa namna hiyo ni kwamba watu wanafahamiana, na udhaifu wake ni kwamba barua binafsi za mwalimu huyu na mchungaji yule zinaweza kwenda kwa usharika mmoja zikiomba vitu vitatu tofauti. Maombi yote yapite mlango mmoja. Kwa upande wa Wakatoliki, ofisi ya maendeleo ya jimbo hufanya kazi hiyo, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, iliyoundwa mwaka 1992 na makanisa ya Kikatoliki na Kiprotestanti, ni mahali pazuri pa kupata ushauri wa mambo ya shule. Kampuni za ndani nazo zisisahaulike: Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia mfuko ulioanzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2001, inaweza kuwaeleza namna mchango wa elimu unavyoweza kumpa mtoaji nafuu ya kodi, na mhasibu wa kampuni atawasikiliza kwa makini zaidi mkilitaja hilo.

Barua ya kuomba isizidi kurasa mbili. Ieleze jengo, idadi ya wanaolitumia, kasoro, kazi, gharama, mchango wa wenyeji na tarehe. Picha ziwe za paa, nyaya na vyoo, si za nyuso za watoto wenye huzuni. Mwanafunzi ana haki juu ya sura yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na zaidi ya sheria kuna heshima: binti wa kidato cha pili hapaswi kuja kukuta picha yake akiwa amesimama kando ya choo kibovu ikizunguka kwenye simu za watu.

Zawadi ghali

Kuna mchango unaogharimu kuliko kununua. Kontena la magodoro yaliyotumika, kompyuta za zamani na vitabu vya mitaala mingine hufika bandarini na kudai ushuru, tozo za kuhifadhi na usafiri hadi shuleni, na kabla hamjamaliza kulipa mmetumia fedha ambazo zingenunua magodoro mapya Mbeya. Omba orodha kabla ya kontena kufungwa, na uwe na ujasiri wa kuandika kwamba shule inashukuru ila ingependa thamani yake kwa fedha.

Ndivyo ilivyo kwa makundi ya wageni wanaokuja kujitolea kupaka rangi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli wengi wao hurudi kwao wakiwa watetezi wa shule kwa miaka mingi. Lakini katika shule moja ambayo sitaitaja, ukuta uleule wa darasa ulipakwa rangi mara tatu katika miaka minne, kila mara na kundi jipya, wakati bweni la nyuma yake likiwa na kenchi zilizoliwa. Wageni wapokelewe, wapewe kazi halisi kama kupanga maktaba au kuchimba mfereji pamoja na wanafunzi, na kazi ya fundi abaki nayo fundi.

Mfadhili anayetaka jina lake juu ya mlango apewe kibao, tena kizuri. Anayetaka kuchagua mlango wenyewe uwe wapi, aelezwe kwa adabu kwamba Zimamoto wameshachagua.

Wakati wa kazi

Pangeni kazi za paa kati ya mwezi Mei na Oktoba kwa maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, na kazi zenye kelele na vumbi zaidi ziwekwe kwenye likizo ya Juni. Karabatini bweni moja baada ya jingine, na kabla ya kuanza amueni kwa maandishi wanafunzi wa bweni hilo watalala wapi. Kuwabana katika bweni la jirani lenye msongamano tayari ni kuhamisha hatari. Bweni likiwa tupu, tumieni nafasi hiyo kumaliza kunguni: vitanda vya chuma vitolewe nje, vichomwe kwa moto wa gesi kwenye maungio, na magodoro yaliyoshambuliwa yasirudi ndani.

Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa kazi kubwa. Kwa kazi ndogo mnaweza kutumia mafundi wa karibu, mradi vifaa vinunuliwe na kamati kwa risiti za EFD na fundi alipwe kwa hatua zilizokamilika. Msilipe yote. Zuieni asilimia 5 hadi 10 hadi kipindi cha matazamio, yaani muda ambao fundi anawajibika kurekebisha kasoro, kipite, na kiwe na msimu mmoja wa mvua ndani yake, kwa kuwa paa halijapimwa mpaka linyeshewe. Eneo la kazi lizungushiwe uzio, mafundi wasitumie vyoo vya wanafunzi, na makubaliano ya ulinzi wa watoto yasainiwe na kila fundi anayelala kambini. Jambo hili la mwisho huonekana la aibu kulitaja mbele ya mafundi ambao ni waumini wenzetu. Litajeni.

Taarifa na mwaka wa kwanza

Kila baada ya miezi mitatu, taarifa ya ukurasa mmoja iende kwa watoaji wote, wa laki tano na wa elfu mbili, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na isomwe kanisani. Picha zipigwe kutoka sehemu ileile kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake. Kama bei ya mabati imepanda au fundi ameharibu, semeni mapema na mweleze mlivyorekebisha. Nimeona wafadhili wakiongeza fedha baada ya taarifa mbaya iliyoandikwa kwa uaminifu, na sijawahi kuona wakiongeza baada ya ukimya.

Matengenezo hayaombewi fedha nje. Wasimamizi wengi wa majengo hutenga kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia 2 ya thamani ya jengo. Tuseme bweni lingegharimu shilingi milioni 150 kulijenga upya na linalaza wanafunzi 80: asilimia hiyo ni milioni 3 kwa mwaka, sawa na shilingi 37,500 kwa kila mwanafunzi, na inafaa iingizwe kwenye bajeti ya kawaida ya shule tangu mwaka uleule ukarabati unapokamilika, chini ya kifungu kisichoguswa kwa mahafali wala ziara. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, fundi mmoja apande na ngazi, asafishe mabomba ya paa, akaze misumari iliyolegea, afungue kila mlango wa dharura kwa kuusukuma kutoka ndani, na aandike kwenye daftari ule uliokwama.